Friji ya Makaa

Chuo chetu hapa Nyeri kina kituo cha kuwasaidia wahadhiri kugeuza utafiti kuwa biashara. Kina mkurugenzi, naibu wake, zulia na mashine ya maji baridi. Kilichokosekana ni biashara. Debe tupu haliachi kuvuma: kila muhula niliitwa semina, nikajaza fomu, nikanywa chai, nikarudi nyumbani na kalamu yenye nembo.

Kitu changu kilikuwa friji ya makaa, kabati la waya lenye kuta mbili na makaa katikati. Ukiyamwagia maji na upepo ukapita, ndani panapoa. Nililitengenezea Mukurweini, nyumbani kwa mjane mmoja, kwa makaa yake. Gari la maziwa hupita kule asubuhi tu, kwa hiyo maziwa yake ya jioni yalikuwa yanaharibika. Tangu friji iingie, mkebe wake ulinuswa na karani wa gari kila asubuhi mbele ya majirani na haukurudishwa hata mara moja. Alitamba nao kanisani.

Kisha mkurugenzi akapata habari kwamba wageni wanakuja. Friji ikaletwa chuoni na kupakwa rangi za chuo, buluu na njano. Rangi ya mafuta, juu ya makaa! Juu yake wakapigilia kibati cha namba ya mali ya chuo.

"Mmeiziba," nilimwambia. "Haiwezi kupoa."

"Daktari, lazima ionekane ni yetu."

Mjane aliagizwa alete maziwa ya jioni yalale humo, mgeni mkuu ayaonje asubuhi. Nilikwenda kumchukua, nikamkuta akikamua, lakini sikumwonya. Nilijidanganya kwamba baridi ya Nyeri itatuokoa, ingawa friji ilikuwa ndani ya ukumbi, madirisha yamefungwa.

Asubuhi mgeni alipiga funda moja, akatemea kwenye leso. Mkurugenzi akacheka. "Mtuwie radhi. Huyu mama ametuletea maziwa ya juzi."

Ukumbi ukacheka naye, wakiwemo wakulima watatu wa kwao mjane. Mjane alinitazama, amevaa nguo yake ya Jumapili. Mimi, ninayewadharau hawa watu wa kituo kila siku, faili langu la kupandishwa cheo lilikuwa mezani kwa mkurugenzi. Nikainama kufunga kamba za kiatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Cheo nilipata. Friji iko mapokezi, wanawekea vipeperushi.

Wiki iliyopita mjane alikuja na gunia. Kule kwao siku hizi mkebe wake hunuswa mara mbili, na wa nyuma yake kwenye foleni hujisogeza kando. Alikuwa amefuata makaa yake, ajaribu kujitengenezea friji nyingine.

"Mwalimu, wewe uliniona nikikamua hiyo ng'ombe," alisema. "Ulijua maziwa yangu iko sawa. Si ungesema tu?"

Nikakitazama kile kibati, nikamwambia kuna fomu ya kujaza.