Saa Kumi na Moja ya Khartoum

Vita vilipowaka Khartoum mama alizeeka miaka arobaini kwa wiki moja, na mimi kidole cha kupigia simu kilichakaa hadi mfupani. Mdogo wangu wa kike alikuwa huko akisomea udaktari. Mtandao ulikuja kama mvua ya Oktoba hapa Tabora: tone moja, kisha kimya.

Simu tuliilaza juu ya stuli sebuleni kwetu Ipuli, tukaizunguka kama mgonjwa. Duka langu la Kanyenye halikufunguliwa. Kungoja kunachosha kuliko kulima. Ukilima, angalau tuta unaliona.

Hatimaye serikali ikatoa neno: mabasi yatawachukua wanafunzi wetu hadi mpakani Ethiopia, na huko watapanda ndege ya kuwarudisha nyumbani. Majirani wakaja na vigelegele. Mama hata hakuinuka kwenye mkeka.

"Mimi vyangu nitapiga nikimshika," alisema.

Jioni ile, jua halijazama, simu ikashika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula." Sote tulijua anadanganya. "Basi letu ni kesho saa kumi na moja. Mwenzetu mmoja kafupisha tangazo, katuma hivyo tu."

"Lala basi upumzike," nikamwambia.

"Nitalala, kaka! Siku zote hizi tunalala chini ya vitanda. Nitatoka saa kumi, jua likishapanda."

Mama akaninyang'anya simu. "Saa kumi jua linapanda wapi?"

"Mama, huku saa kumi ni asubuhi, watu wanakunywa chai."

"Huyo aliyewatumia ni Mwarabu?"

"Ni Mtanzania."

"Sasa Mtanzania akuandikie kwa Kiswahili, saa aazime kwa watu? Ni alfajiri hiyo!"

Mimi niliyehitimu masomo ya jioni nikiwa na mvi na kitambi, niliyekaririshwa kugeuza saa za Kizungu kwa kujumlisha sita na kutoa sita mpaka nikawa nahesabu usingizini, sikuwa nimeshtuka. Nikajitia ujuzi: "Au ni saa kumi na moja ya jioni?"

"Jioni watu wanapiga kambi," mama akanijibu bila kunitazama. "Wapagazi waliopita hapa na mizigo ya pwani, jua liliwakuta njiani. Mwanangu, ukisikia jogoo uwe umeshafika kwenye basi. Umesikia? Wewe!"

Simu ilikuwa imekata. Hatukujua kama alisikia yote, nusu, au lile "wewe" tu. Nilipiga mara milioni. Mama alikaa ameegemea ukuta, hasali tena, midomo imemkauka.

Kulipopambazuka ukaingia ujumbe wa neno moja: *Mwangaluka.* Ni salamu yetu ya asubuhi, ambayo tangu aanze chuo alikuwa akiionea haya. Baadaye ikaja picha ya kioo cha basi, na nje barabara yenye vumbi.

"Yumo?" mama akauliza.

"Yumo."

Safari yake ilikula siku nyingine tele: mpakani, Dar es Salaam, kisha basi la kuja kwetu. Aliposhuka stendi alikuwa mwembamba kama mshale wa saa. Mama akamkumbatia, wote wawili wakayumba. Majirani wakanyamaza, maana ahadi waliikumbuka. Mama akafungua kinywa apige vigelegele.

Ukatoka mwayo, mrefu kama reli ya Kigoma.