Bangili Niliyoiita Shaba

Atukuzwe Mungu, aliyenivumilia mpaka uzee huu na bado ananipa pumzi ya kukiri.

Ndugu msomaji, nilikosa. Mimi ni sonara hapa Tunduma, na ni mzee wa kanisa. Watu huniamini kwa yote mawili, ndiyo maana kosa hili linaniuma.

Shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, alikuja kutoka Msangano na bangili ya kizamani, nyuzi za madini zilizosokotwa kwa mkono. Aliirithi kwa bibi yake, mzaliwa wa ng'ambo ya mpaka. Alitaka kujua ni madini gani kabla ya kumvisha binti yake siku ya harusi.

"Bibi aliiitaje?" nikamuuliza.

"Mukuba."

Nikacheka. Sisi wa mpakani tunakijua Kibemba cha sokoni. Mukuba ni shaba. "Basi bibi yako ameshakujibu."

"Lakini shemeji, bibi aliita hivyo kila bangili. Na shaba si huacha kijani mkononi? Hii nimeivaa miaka, haijaniachia doa. Hebu ipime."

"Leo unanifundisha kazi?"

Jiwe la kupimia lilikuwa pale mezani. Sikuligusa, nilikuwa nawahi kikao cha kanisa. Kiganjani niliihisi bangili nzito kupita shaba, nami nikanyamaza.

Shemeji akaona aibu kumvisha bintiye shaba. Akampa bangili ile mnunuzi wa vyuma chakavu aliyepita na baiskeli, akapewa beseni la plastiki.

Harusi ilipopita nilimtembelea. Akanionyesha kipande cha uzi kilichokatika zamani kwenye bangili ile. Nikaenda nacho dukani, nikakisugua kwenye jiwe, nikadondosha asidi. Alama ya shaba ingechemka na kufutika. Ile ilibaki palepale, ya njano.

Ilikuwa dhahabu.

Nilimtafuta yule mnunuzi mpaka kule Mpemba, sikumpata. Nilipomweleza shemeji ukweli, alikunja na kukunjua khanga yake.

"Shemeji," akasema, "ungesema tu hujui. Ningeondoka na bangili yangu."

Amenisamehe, chai ananikaribisha, ila kitu cha kupima hajaniletea tena.

Wewe ambaye watu wanakuamini, usitoe neno kabla ya kupima. Na wewe mwenye kitu cha wazee wako, usikiachie kwa kauli ya mtu mmoja mwenye haraka, hata akiwa mzee wa kanisa.

Bwana akulindie ulichoachiwa na waliokupenda, akupe moyo mtulivu, wewe na nyumba yako. Amina.