Jiwe la kisima cha enzi za Mjerumani, limekutwa kwenye ini la mke wangu

Wakuu, mbukwenyi.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa sichangii. Ila juzi kuna mtu kaandika kwa kujiamini kabisa kwamba ukiona uvimbe kwenye ini ujue kuna mkono wa mtu. Nikasema hapana, hili nimelala nalo kitanda kimoja, siwezi kunyamaza. Haya yametokea kwangu. Anayetaka kubisha abishe, ila amalize kusoma kwanza.

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, niko Kizota. Mke wangu nimwite Mama Neema.

Alianza na tumbo kujaa, halafu maumivu upande wa kulia chini ya mbavu. Tukajua ni vidonda vya tumbo, maana Dodoma hii kila mtu ana vidonda vya tumbo mpaka vipimo viseme vingine.

Kituo cha afya wakampiga ultrasound. Mpimaji akapaka tena ile jeli, akapima upya. Akasema kuna uvimbe kwenye ini, unakaribia ngumi ya mtu mzima. Akasema pia si kila uvimbe ni kansa, twende hospitali kubwa akapigwe CT scan.

Hilo la mwisho mke wangu hakulisikia. Alibaki na neno uvimbe.

Wiki hiyohiyo nikamkuta anawagawia wadogo zake vitenge. Vile vizuri, vya sanduku. Wakuu, alikuwa anagawa urithi.

Jirani mwenye huruma nyingi kuliko akili akatupeleka Chang'ombe kwa "dokta" mwenye kamashine. Unashika kichuma mkononi, kompyuta inakusoma mwili mzima. Mke wangu akaambiwa ini limejaa sumu, anywe unga wa majani. Nikasema hebu na mimi nishike. Kompyuta ikatoa majibu kwamba mayai yangu ya uzazi ni dhaifu.

Mimi na ndevu zangu hizi!

Tukaondoka. Vipimo vya CT vikafanyika hospitali kubwa, tukaambiwa turudi kwa daktari wiki inayofuata kupata maelezo. Hapo katikati ndipo wakwe wakatuita nyumbani, upande wa Bahi.

Hapa inabidi niwaeleze hawa wakwe.

Kikao kiliongozwa na Baba Mkubwa, kaka yake baba mkwe. Mstaafu wa serikali, kaunda suti imepigwa pasi, Kiswahili cha semina. Mama yake mzazi, yaani Bibi wa mke wangu, alikaa kwenye mkeka pembeni, macho chini.

Baba Mkubwa akakohoa, akasema, "Mkwe, hilo si la hospitali. Ni jiwe la kisima. Limetoka upande wa mama yangu."

Akasema hivyo na mama mwenyewe amekaa pale. Nilitamani ardhi impasukie yeye.

Kisa chenyewe ni hiki. Enzi za Mjerumani, kiangazi kikali, watu walichimba kisima kwenye mchanga wa korongo wakakifunika kwa miiba ili askari wa boma wasikione. Wanaume wakashika jiwe lililotoka humo, wakaapa kutokisema. Haikuchukua muda askari wakafika palepale kisimani, maji wakayachota na ng'ombe wakawaswaga.

Nani kasema? Hakuna aliyejua. Baadaye babu yake Bibi akaonekana ana kitu kigumu chini ya mbavu, kulia. Ikawa ndiyo hukumu: amevunja kiapo chake, jiwe limemkaa tumboni. Jina lake halitajwi mpaka leo.

Bibi aliolewa na msemo huo mgongoni. Mvua ikikosekana, ni damu ya mwenye jiwe. Ng'ombe akifa, ni damu ya mwenye jiwe. Alizika watoto wawili wachanga, na hao pia akaambiwa kawaleta yeye kuja kufa. Watu wanaenda kanisani kila Jumapili hao!

Dawa, kwa mujibu wa mstaafu wetu, ni kumpeleka mgonjwa pale korongoni, apakwe samli, akandwe tumbo kwa nguvu mpaka jiwe lishuke. Mkandaji alishaitwa. Alikuwa nje anapasha samli.

Nikasema jamani, tusubiri majibu. Baba Mkubwa akanijibu kwamba madaktari wangu kazi yao ni kupasua watu. Nikamgeukia mke wangu anisaidie.

"Baba Neema, niache nikandwe," akasema. "Kama ni langu, litoke."

Nitamvuta kwa nguvu mbele ya ukoo wake?

Ndipo Bibi akanyanyua macho. Kwa mara ya kwanza siku ile nikasikia sauti yake.

"Jiwe si la babu yangu? Basi mwenyewe ni mimi. Mjukuu wangu hamumkandi. Tunakwenda kwa daktari, na mimi nakwenda."

Mstaafu akatoka nje kumwambia mkandaji aepue samli. Maana kwa mantiki yake mwenyewe, mwenye jiwe ndiye mwenye uamuzi. Samli ikapoa.

Daktari tuliyemkuta ni binti tu, mpole. Bibi akaketi mbele kabisa.

Alituonyesha picha. Akasema inaitwa hemangioma, fundo la mishipa ya damu ndani ya ini, watu wengi wanalo na wanakufa kwa uzee bila kujua. Si kansa na haigeuki kuwa kansa. Haina dawa ya kunywa. Hawachomi sindano kukata kinyama cha kupima kama picha inajieleza, maana linaweza kuvuja damu. Kwa kuwa la mke wangu ni kubwa, watalipima tena baada ya miezi kadhaa. Likikua au maumivu yakizidi, ndipo wazungumze upasuaji.

Alipima pia homa ya ini B, na akauliza kama anatumia vidonge vya uzazi wa mpango. Kumbe kuna uvimbe mwingine usio kansa, adenoma, ambao vidonge hivyo vinaweza kuukuza, na huo ukiwa mkubwa unaweza kupasuka. Kwa hiyo msinisome hapa mkajitangazia kwamba wenu hauna shida. Picha ndiyo inayosema.

Nikamuuliza kuhusu kukandwa. Akaweka kalamu chini.

"Msithubutu. Ni nadra fundo kupasuka, lakini mkilikandamiza kwa nguvu mnalitafuta. Damu inamwagikia ndani, na kutoka huko kwenu hamtafika hapa."

Mke wangu akanishika mkono.

Bibi akauliza, "Mwanangu, mtu akivunja kiapo, hupata hili?"

"Bibi, mimi nasoma ini tu," daktari akasema. "Ini halijui kiapo."

"Na babu yangu alikuwa na hilihili?"

"Hilo siwezi kujua, Bibi. Mengi huvimba tumboni. Alikufa nalo akiwa kijana?"

Bibi akacheka. Wakuu, sikuwahi kumwona akicheka.

"Kijana wapi! Alizeeka mpaka meno yakaisha. Nilikuwa mdogo, nalala juu ya tumbo lake, nalisikia shavuni. Alikuwa akiniambia, mimi sikusema, ni punda wa askari walionusa maji. Lakini nani amwamini, na jiwe analo?"

Punda mwenye kiu kanusa maji! Jambo ambalo mfugaji yeyote wa Ugogo analijua. Ukoo mzima wa wafugaji ukaona rahisi zaidi kuamini mtu kameza kisima.

Tuliporudi, Bibi alimwita mwanawe, akalitaja lile jina mbele ya watu, kwa sauti. Mstaafu akajibu kwamba hata yeye tangu mwanzo aliona si jambo kubwa. Sina la kuongeza.

Mke wangu amerudishiwa vitenge, isipokuwa kimoja ambacho mdogo wake anadai kimeshashonwa. Kipimo cha pili kimetoka, fundo halijakua.

Funzo langu ni kwamba uvimbe upelekwe kwenye picha kabla haujapelekwa kwenye kikao. Na tumbo la mgonjwa si unga wa chapati, msilikande.

Bibi yuko kwangu kwa sasa, amekaa hapa pembeni, anauliza wakuu wamesemaje. Nitamsomea kila mtakachoandika. Hata wale wa mkono wa mtu waje, ila kila mmoja aanze na shikamoo.