Mitungi Iliyompigia Kura Sista Velma

Enzi zetu kule Mashimoni, mtaa wetu wa mabanda, mtoto hakuulizwa yuko darasa la ngapi kabla ya kuulizwa mtungi wa kwao uko wapi. Wenzangu mliokulia huko mnacheka kwa sababu mnajua. Mama akienda kufulia watu nguo mtaa wa Ayany alituachia chai ya rangi, kipande cha mkate, na mtungi wa plastiki wa manjano wa kuweka kwa laini, yaani foleni, pale kioski cha maji. Maji yalikuja yalipotaka. Mitungi ndiyo iliyongoja, sisi tukaruka kamba na kucheza bano, gololi zetu, kando yake. Ole wako mtungi wenu urudishwe nyuma! "Mtungi ukisimama, mwenyewe amesimama," mama alisema, na mwiko wake uliuamini msemo huo kabisa.

Lakini hebu tusidanganyane, sisi walinzi wa mitungi ndio tuliokuwa wezi. Mimi na Hadija, rafiki yangu wa mlango wa pili, tuliweza kusukuma mtungi kwa goti huku tunaimba, ukapanda mbele mwenye laini yake akitutazama na asione kitu. Watoto wangu wanajisifu eti wamepita hatua ngumu ya gemu kwa simu. Gemu! Wangejaribu kupita mbele ya mtungi wa nyanyake Hadija.

Mtungi mmoja tu hatukuugusa. Ulikuwa wa bluu, wa Sista Velma. Huyu alikuwa nesi na mkunga, mzaliwa wa Trinidad, kisiwa ambacho Hadija aliapa kiko nyuma kidogo ya Kisumu. Aliolewa na Mkenya aliyekutana naye masomoni Uingereza, wakaja wote huku, bwana akafariki. Watu wakangoja apande ndege arudi kwao. Wapi! Akaacha kazi ya hospitali kubwa mjini, akafungua chumba cha kuzalishia akina mama hapo Mashimoni, vitanda viwili na jiko la mafuta ya taa. Wengi wetu tulilia mara ya kwanza mikononi mwake. Na kwa vile alikuwa mweusi kama sisi, kila mtu alimdai kuwa wa kwao. Wajaluo walimsalimia kwa Kijaluo, Waluhya kwa Kiluhya, naye Haboba, yaani huyo nyanyake Hadija, Mnubi wa siku nyingi mwenye kiwanja kilichobeba kioski, alisema pua ile ni ya ukoo wao. Sista aliwajibu wote kwa Kiswahili chake cha kuimbaimba, "Mimi wa hapa hapa, nipishe nipite." Kwa laini hakuruka mtu. Alikubali kupitishwa mbele pale tu mama fulani alipokuwa na uchungu.

Basi mwaka huo ikabidi kioski kichaguliwe mwenyekiti, mtu wa kushika ufunguo wa bomba. Bwana Matofali akajitokeza. Hilo lilikuwa jina la utani, maana kila mwaka aliwaahidi wapangaji wake kuwa nyumba zao za udongo atazijenga kwa matofali. Akasema wazi kwamba akishinda, wapangaji wake watachota kwanza, na hicho chumba cha kuzalishia kitafute maji Silanga, kule bwawani. Maji ya bwawa, ya kuoshea mtoto mchanga! Sista Velma akasimama kumpinga, na ghafla wale wote waliomdai wakakumbuka kwamba ni mgeni.

Kura ilikuwa ya mlolongo. Unasimama nyuma ya mtu wako, mzee wa kijiji anahesabu, basi. Ujanja wa Matofali ulikuwa kwenye saa. Mkutano aliuomba uwe asubuhi ya siku ya kazi, mama zetu wakiwa wanafua Ayany na wanauza mboga Silanga. Siku ilipofika, nyuma yake wakajipanga wanaume waliolala njaa na kuamkia mandazi yake. Nyuma ya Sista Velma alikuwa Haboba na fimbo yake, na wazee wawili wasioona vizuri. Niliona Sista anawahesabu watu wake kwa macho, nikasikia vibaya sana moyoni.

Hadija akanibana ubavuni. "We, mama yako husema nini kuhusu mtungi?"

Jamani, watoto wote wa laini tulifanya kazi! Tulihamisha laini nzima ya kioski, mtungi kwa mtungi, kila mmoja kwa nafasi yake ileile, maana kuchanganya laini kungeleta vita nyumbani. Mstari wa manjano ukatoka nyuma ya Haboba, ukakata kona kwa kinyozi, ukaendelea mpaka chooni.

Mzee wa kijiji akafoka, "Nani ameleta hii takataka?"

"Takataka?" Haboba akauliza. "Hapa Mashimoni, mtungi ukiwa kwa laini, ni nani amesimama?"

Watu wakaangua kicheko, kwa sababu jibu walilijua wote. Sista Velma akageuka, akashika kiuno. "Eh, watu wangu leo wamenyamaza sana!"

Matofali akaja mbio akipiga mitungi mateke, hadi akakuta mmoja wenye herufi M ya lami. Wa nyumbani kwake! Akauinua autoe. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa ndiyo kwanza anatoka Silanga na mboga za sukuma wiki kichwani.

"Baba Pacha, weka huo mtungi chini."

"Lakini..."

"Weka. Huyo mama alinizalisha watoto wawili na maji ya kikombe. Wewe ulikuwa wapi?"

Akauweka. Mzee wa kijiji akahesabu mitungi, na akahesabu kwa sauti.

Sista Velma alishika ufunguo ule mpaka akaota mvi, na hakuna mtoto aliyeoshwa kwa maji ya bwawa. Tulipomzika Lang'ata, kila kabila lilimdai upya, na mimi nililia kama niliyefiwa na mama.

Siku hizi naishi Kawangware, nyumba ya bomba ndani. Juzi bomba likakohoa, likanyamaza wiki nzima. Kwenye grupu la wapangaji kwa simu kila mtu alituma kikatuni cha hasira, hakuna aliyeshuka chini. Walio na tangi walijifungia na tangi lao. Nilikasirika, nikachukua mtungi wangu mkuukuu, nikauweka peke yake mlangoni kwa mwenye nyumba uanze laini badala yangu, nikaenda kazini nikijiona mjinga.

Jioni nikakuta mitungi imejipanga mpaka getini. Wangu nikautafuta pale mbele, haupo. Vitoto fulani vilikuwa vinaruka kamba kando ya laini, vinaimba bila kunitazama. Mtungi wangu ulikuwa wa mwisho kabisa.

Nilicheka hadi machozi, nikaenda kusimama nyuma yake.