Kofia za Rejeta

Kaneza Irambona alifika Kirushya saa tisa alasiri, spana zimefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, akijua kwamba hiyo ndiyo nafasi yake ya mwisho. Sebule ya Mzee Evaristi isipopata joto, Jumamosi mzee angemwita fundi kutoka Mwanza. Kaneza, fundi bomba wa Murusagamba, hupata kazi kwa midomo ya watu. Kushindwa katika nyumba ile kungevuma hadi gulioni.

Mzee Evaristi alifanya kazi Ubelgiji miaka ishirini, akarudi na magoti yasiyovumilia baridi ya mlimani. Alijenga boila ya kuni ya kuchemshia maji nyuma ya jiko na kuweka rejeta nne za kupasha vyumba joto kwa maji hayo. Sebule, iliyo jirani na boila, ikawa tanuri. Chumba cha kulala kikabaki baridi. Ndipo Kaneza alipofunga valvu zinazojirekebisha zenyewe: chumba kikishapata joto la kutosha, valvu inabana maji ya moto, yanakwenda kwingine.

Chumba cha kulala kilipona. Lakini sasa sebule ilikuwa baridi kila jioni. Kaneza alikuwa amekuja mara mbili, mchana, boila ikawashwa, na mara zote mbili rejeta zilipata moto. Mzee alimwambia, bila kucheka, kwamba valvu zake ni vibarua: jua likishuka zinafunga kazi.

Safari hii aliomba kubaki hadi jioni. Alikaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma, kazi ya mikono ya Bi Speciosa, mke wa mzee. Boila iliwashwa saa kumi na moja. Rejeta zikaanza kupata moto. Saa kumi na mbili Bi Speciosa akatoka chumbani na kikapu kidogo, akainama kwenye rejeta ya kwanza kati ya mbili za sebuleni, akaivika valvu kofia ya uzi wa sweta, nyekundu, yenye kishada. Akaenda kwenye ya pili.

Kaneza aliweka kikombe chini.

"Mama, hizo ni za nini?"

"Si wewe uliniambia kichwa ndicho kinachosikia baridi?" Bi Speciosa akashangaa. "Nikakionea huruma. Asubuhi nakivua."

Ni kweli alisema hivyo, siku ya kufunga valvu. Kichwa cha valvu, alikuwa ameeleza, ndicho kinachosikia baridi na kufungua maji. Lakini kikifunikwa, kinabaki na joto la bomba, kinadhani sebule nzima imepata moto, kinafunga.

Alizivua kofia zote mbili, akaomba wasubiri. Baada ya nusu saa Mzee Evaristi aliweka kiganja juu ya rejeta, akakiondoa haraka. Akamtazama mkewe, akacheka hadi akakohoa.

"Fundi wa Mwanza abaki kwao," alisema. Kisha akamuuliza Kaneza kama angeweza kuitazama boila ya masista wa parokia, kwani nao walikuwa wanalalamikia baridi.

Bi Speciosa hakucheka. Alikuwa anakunja kofia zake.

"Kosa ni langu, mama," Kaneza alimwambia. "Nilichagua neno vibaya."

Kwa masista, wiki iliyofuata, alisema kwamba kichwa cha valvu hupima joto la chumba, na kisifunikwe. Alisema hivyo akiwa amevaa kofia nyekundu yenye kishada, iliyofumwa upya na Bi Speciosa kwa kipimo cha kichwa chake.