Mkeka wa Mwantumu Usiokwisha

Ukitaka kumjua wifi yangu Mwantumu, muulize mkeka wake umefikia wapi. Atakukaribisha, atakupa kigoda, atakumenyea na muwa, kisha atakueleza kwa nini bado. Maelezo yake ni matamu kuliko huo muwa. Nimekaa naye uani kwa uani hapa Mtunda tangu kaka yangu Kondo alipomwoa, na sijapata kumsikia akirudia sababu ile ile kwa maneno yale yale. Mtu mvivu hurudia. Mwantumu si mvivu, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote.

Kazi anaijua. Kwao ni Mbwera, visiwani, ambako mtoto wa kike hushika ukindu kabla hajajua kusonga ugali. Akikaa kusuka, vidole vinakwenda vyenyewe huku macho yakiwatazama kuku na mdomo ukisimulia habari za watu. Mikeka ya kawaida, ile ya miraba myekundu na ya kijani, anaimaliza vizuri tu, na wateja wanatoka Kibiti kumfuata mlangoni. Sisemi mikeka hiyo. Nasema mkeka wake mwenyewe.

Aliuwaza tangu usichana. Alikuwa akikaa kwenye mtumbwi wa baba yake maji yanapokupwa, akitazama vijito vinavyobaki kwenye tope, kimoja kinazaa kingine, hicho nacho kinazaa vyake, mpaka vinapotelea kwenye mikoko. Akasema iko siku atavisuka. Si maua, si miraba, wala si majina ya bwana na bibi harusi. Vijito vyeusi juu ya ukindu mweupe, vinavyoanzia pembe moja ya mkeka na kutawanyika hadi pembe ya pili. Mimi mwenyewe ni msukaji, najua mikeka ya kwetu yote kwa majina, na huo sijauona popote. Aliponieleza mara ya kwanza, nilimwonea wivu, nasema kweli.

Sasa, mkeka hausukwi mzima. Unasuka ukili, yaani utepe mrefu wa upana wa kiganja, halafu ukili mwingine, na mwingine. Mwisho unazishona hizo kili ubavu kwa ubavu. Mkeka wa miraba hauna shida. Ukikosea, mraba unasogea kidogo na hakuna anayekufa. Lakini kijito cha Mwantumu kilitakiwa kitoke kwenye ukili huu kiingie ukili wa pili pale pale, bila kukatika. Alikuwa amepanga yote kichwani. Na mpango wa kichwani haujulikani kama umekubali mpaka mtu ashike sindano ashone.

Kili zote zilikwisha kusukwa mwaka wa mafuriko. Maji yalikula mpunga wa bondeni, tukabaki tunatazamana, hakuna shamba la kwenda wala la kurudi. Yeye akakaa barazani akasuka ukili wa mwisho, akazikunja zote, akazifunga kwa kamba, akazipandisha darini. Nikampigia vigelegele. Nikajua wiki haiishi atakuwa ameshona. Akili zangu!

Wakati huo mama yake, Bi Ashura, alikuwa ameshaletwa kuishi naye. Walimtoa Mbwera kwa boti ya mashine, wakamshusha mikononi kama mzigo wa kuni, maana macho yake yote mawili yalikuwa yameshafunga. Alipelekwa kwa madaktari wa macho, wakasema amechelewa. Alikuwa bibi mwepesi, mcheshi, asiyejua kulalamika. Alasiri moja tukiwa tunachambua mchele, akamwita mwanawe mbele yangu.

"Mwantumu, mwanangu. Mie sina ninalolitaka tena duniani. Nikifa, jeneza langu litandikeni huo mkeka wako wa vijito. Nataka niondoke hapa nimelalia Mbwera."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiposema leo, ntasema nikishafungwa sanda? Niahidi."

Mwantumu akaahidi huku akilia. Nami nikalia, na mchele ukachelewa kuiva siku hiyo.

Ndipo visingizio vilipoanza kwa nguvu. Masika, kili zimevuta unyevu, zikishonwa zitalegea. Kiangazi, zimekauka mno, zitakatika. Ramadhani, funga na sindano haviendi pamoja. Baada ya Idi, korosho. Akasema uani hapana kivuli cha kushonea kazi kubwa kama ile. Kondo, maskini, akakata miti akamjengea kibanda kizuri cha makuti. Sasa wanalala mbuzi. Akasema sindano aliyonayo ni nene. Nikamletea nyembamba kutoka Kibiti. Akaishukuru sana, akaichomeka kwenye makuti ya paa, na ikashika kutu hapo hapo.

Siku moja uvumilivu ulinishinda. "Wifi, zishushe. Nitakushonea mimi."

Alinitazama kana kwamba nimemwomba mume. "Wewe hujui vijito vyangu vinapopita."

"Si utanionyesha?"

"Na huyu mgonjwa nitamwachia nani?"

Hilo la mgonjwa ndilo lililokuwa jiwe la pembeni. Likishatajwa, mtu mwenye haya hunyamaza. Na kweli alimuuguza mama yake. Nani atasema vingine? Alimwogesha, alimlisha, alimtoa uani akamrudisha. Lakini Bi Ashura alilala mchana, akilala kama mtoto mchanga, na mchana huo Mwantumu alisuka miraba ya watu.

Bi Ashura hakugomba. Ila mara kwa mara aliomba aletewe zile kili. Mwantumu alipanda darini akazishusha, kwani kushusha hakukumtisha. Mama akazipitisha mkononi pole pole, mmoja baada ya mwingine, maana naye alisuka maisha yake yote, na kidole chake kilijua ukindu kuliko macho ya wengi.

"Umebana vizuri," alisema. "Sioni kosa. Shona basi."

"Bado, mama. Hizi mbili nyeusi yake haijakolea. Inavuta udhurungi. Mpaka nizichemshe tena."

Bi Ashura akazikunja mwenyewe, akampa. "Haya, mwanangu. Chemsha."

Hakuchemsha. Alifariki mama wa watu asubuhi moja, uji wake ukiwa bado wa moto. Nilisikia kilio nikavuka ua mbio, na nilichokikuta sitakisahau. Mwantumu hakuwa kando ya mama yake. Alikuwa juu ya dari, anazitupa kili chini.

"Nisaidieni!" alikuwa akisema. "Nisaidieni, tushone!"

Tukashona. Wanawake wa mtaa mzima tulikaa chini na kanga zetu za msiba, kila mmoja na sindano yake au ya kuazima, huku ndani maiti inaoshwa. Lakini mkeka ni kazi ya siku nyingi, na Muislamu hachelewi kuzikwa. Wanaume walikuwa wameshachimba, wakasema baada ya adhuhuri wanaondoka. Tulikuwa hatujamaliza kuunganisha hata kili mbili. Mikono ilikuwa mingi, huyu anavuta huku na yule anavuta kule. Mwishowe mama mmoja akamshika Mwantumu mkono akamwambia basi. Jeneza likatandikwa mkeka wa plastiki uliotoka dukani, wenye picha ya tausi.

Sasa msiba wa kwetu hauna staha bila watani. Mtani wa akina Mwantumu ni Amri, Mmatumbi anayekaa Kibiti, mtu wa bodaboda, mdomo wake hauna breki. Wanaume walipoinua jeneza, Amri akaruka, akanyakua kili zote pale tulipoziacha, akajifunga kiunoni na kichwani, akalala chali katikati ya njia.

"Nyie Wandengereko, maiti haendi! Mpaka mnikomboe!"

Watu wakaanza kucheka. Ndiyo kazi yake. Mtani hakasirikiwi, na kicheko chake kinapunguza uzito wa jeneza. Akainuka akakaa kitako, akabana sauti ikawa ya Mwantumu kabisa, mpaka ule mkono wa kujipangusa shingo.

"Masika, mama, kili zimelegea! Kiangazi, mama, kili zitakatika! Mama, subiri kwanza, usife, kivuli hakijatosha!" Watu wakashika mbavu. Mwantumu mwenyewe alikuwa akicheka, kiganja mdomoni, machozi yakimtoka. "Mama, nyeusi haijakolea! Inavuta udhurungi!" Kisha Amri akarudi kwenye sauti yake, akatugeukia sisi wote. "Jamani! Kipofu anaambiwa rangi haijakolea!"

Kicheko kilikuja kikubwa, halafu kikakatika. Sijui nani aliacha kwanza. Nilimwona Mwantumu ameganda, kiganja bado mdomoni. Hata Amri aliona amefika mahali ambapo hakukusudia kufika, akaanza kuropoka mambo ya kukombolewa kwa kuku, kwa mbuzi, kwa chochote, la sivyo kili anaondoka nazo.

Kondo akapeleka mkono mfukoni. Mwantumu akaushika.

"Mwache aende nazo," akasema.

Basi jeneza likapita, na Amri akaondoka na kili. Kwetu kitu cha marehemu au cha mfiwa kikichukuliwa na mtani hukombolewa, hata kwa shilingi, ni heshima. Kukataa kukomboa sijawahi kuona. Wengine walisema ni uchungu. Mimi nilimjua wifi yangu, nikawaka moto moyoni. Nilisema: mwanamke huyu amepata kisingizio cha kufunga visingizio vyote. Na haikupita arobaini, mgeni alipomuuliza habari za mkeka, akajibu kwa utulivu kabisa, "Si watani walizichukua?" Nikainuka nikaenda kwangu. Sikumsemesha kwa siku kadhaa, na naamini hakugundua.

Alikuwa amezima. Hakusuka hata miraba. Wateja walikuja wakarudi. Kitanda cha mama yake alikiacha vile vile, na mchana alikaa kwenye kizingiti cha chumba kile mikono mitupu, mtu aliyeshinda akiitwa na sasa haitwi na yeyote. Kondo alinijia akaniambia, "Dada, hali chakula." Nikapeleka supu. Akainywa kwa sababu niliisimamia.

Kisha Amri akaja. Alizima pikipiki mbali, akaisukuma mpaka uani, akafungua mfuko wa salfeti uliofungwa nyuma, akatoa kili, akaziweka mbele ya Mwantumu.

"Mtani harudishi bure," nikamwambia. "Umeanza lini?"

Hakunijibu mimi. "Dada Mwantumu," akasema, "mie nilitania. Nilidhani utazikomboa pale pale. Kila nikiziona ndani kwangu sili nikashiba." Akaondoka bila hata kututukana, na mtani akiondoka hivyo, jua pameharibika.

Kesho yake asubuhi Mwantumu alikuwa amekaa chini ya jua kali katikati ya uwanja, kivuli hakuna, sindano ile nene ya zamani mkononi, anashona. Hakuchemsha rangi. Hakulowesha kitu. Nilikwenda nikakaa karibu naye, nikamshikia ncha ya pili, na siku zote alizoshona hakunisimulia habari ya mtu yeyote. Mbuzi walipita juu ya kazi yake, akawasukuma kwa kiwiko akaendelea.

Kili za mwanzo zilikutana. Kijito kikatoka huku kikaingia kule. Wa tatu ukasogea kidogo. Wa nne ukasogea zaidi, kijito kikafika ukingoni kikakuta ukindu mweupe, na chenzake kikaanza upande, kama kidole kimoja hivi kutoka pale kilipotakiwa. Nilidhani atafumua. Nilimwambia, "Fumua, wifi, tuvute kidogo." Akatikisa kichwa, akaendelea kushona hadi ukingo wa mwisho, akakunja pindo, akautandika pale pale mchangani.

Tukausimamia. Ukiutazama kwa mbali, ungeweza kudanganyika kwamba maji yanapita.

"Mzuri," nikasema.

"Si mzuri, wifi. Tazama hapa. Na hapa. Na hizi mbili ni za udhurungi kweli." Aliongea bila kulia, sauti ya mtu anayesoma bei za sokoni. "Nilijua. Tangu siku nilipozikunja nilijua hazitakutana. Nikasema, nisiposhona, utabaki mkeka mzuri kuliko yote ya Mbwera."

Nilikuwa na neno la kumwambia. Nimekuwa nalo miaka yote hii, kali, nimelinoa. Badala yake nikainama, nikapangusa mchanga ukingoni mwa mkeka.

"Na mama angeulalia," akasema. "Huu huu, ulivyopinda. Angeulalia na akashukuru."

Kondo akaingia kutoka shamba, jembe begani. Akausogelea, akaukagua, akaukanyaga pembeni kwa kisigino kuona kama umebana. Ni mwanamume, hajui kuuliza kwa wakati wake.

"Umekwisha? Huu wa nani sasa, wa kuuza?"

"Wa mama," Mwantumu akajibu, kama mtu aliyeulizwa jambo la kila siku. Kisha akalisikia alilolisema, akakaa chini pembeni mwa mkeka, mchangani, asithubutu hata kuukalia, na akalia kilio ambacho hakukilia siku ya msiba.