Resori laini za kumfikisha Riziki Muyinga

Nimewahi kumpima mwanamke mgonjwa kwenye mizani ya kahawa ili nimchagulie resori, yaani springi, za gari.

Unacheka?

Hata majirani walicheka. Walisema fundi Radjabu kichwa kimeruka.

Ngoja niwaambie ilivyokuwa. Chumvi sitii, wallahi.

Ilikuwa miaka ya themanini, mi niko na garaji yangu pale Gitega, karibu na soko. Barabara ya kwenda Muyinga kupitia Karusi ilikuwa bado ya udongo. Tena udongo uliojikunja kama bati la paa. Ukifika mwisho wa safari, hata jina lako unalitafuta kwanza.

Siku moja asubuhi akaja Bagalwa.

Bagalwa alikuwa Mzaire wa Bukavu, muuza vitenge, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Gari lake mji mzima ulilijua. Ka-Fiat kekundu ka michezo, viti viwili, paa la turubai. Mzungu mmoja alikaacha alipoondoka baada ya uhuru, na Bagalwa akakanunua akiwa bado kijana.

"Fundi, ka-gari kangu iko kagumu sana. Nataka ukafanye kalaini."

"Laini namna gani, mzee?"

"Mutu akikaa ndani, asisikie hata jiwe moja."

Nikacheka. "Mzee, hii ni gari ya mbio. Siyo kitanda."

Yeye hakucheka.

"Bibi yangu iko na kansa ya mifupa," akasema. Kwao Bukavu, bibi ni mke. "Docteur amesema hakuna tena dawa. Anataka kwenda kuona mama yake, kule Muyinga."

Nikaweka spana chini. Mkewe huyo, Riziki, nilikuwa namjua. Gitega nani hakumjua? Binti wa Kiislamu wa Muyinga, baba yake mshona kanzu. Alimpenda Bagalwa, Mkristo, mgeni. Nyumbani wakakataa. Akatoka mchana kweupe, akaingia kwenye kale ka-Fiat, paa limefunuliwa, wakaondoka.

Tangu siku hiyo mama yake, Mama Kadidja, aliapa hatakanyaga nyumba ya Bagalwa. Baba akafa bila kusamehe. Miaka ikapita.

"Si mumkodie kamioneti, alale nyuma kwenye godoro?" nikauliza.

"Nilimwambia. Amekataa. Anasema alitoka kwao amekaa mbele ndani ya gari hii, watu wanaona. Hawezi kurudi amelazwa nyuma kama mzigo."



Nikakaingiza ka-gari garajini, nikakainua. Masikini! Binamu ya Bagalwa wa Bujumbura alikuwa amekafunga resori fupi na ngumu, za watu wa mashindano, ili kakae chini na kapendeze. Amortisa zenyewe, wale wa Tanzania wanaziita shokapu, zilikuwa ngumu kama mti.

Sasa nisikilizeni kidogo, hata kama hamjui magari.

Resori inabeba. Amortisa inatuliza. Resori ngumu inakurushia kila jiwe mgongoni. Resori laini inameza jiwe, lakini ikikosa amortisa ya kuishika, gari linaanza kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka tumbo linageuka. Lazima hizo mbili zipatane. Kama mke na mume.

Nikaanza na resori za nyuma za Peugeot kuukuu, maana Peugeot za zamani zilikuwa na sifa ya kubembeleza. Nikazichongea vikalio vipya ili zikae. Amortisa sikuzigusa.

Bagalwa akamzungusha Riziki mtaani. Walirudi haraka.

"Mgongo ulipigwa kila mara gari inarudi juu," Bagalwa akasema. Riziki alikuwa ameegemea mlango, macho yamefungwa, kijasho usoni.

"Pole, dada," nikasema.

"Fundi, usinipe pole," akajibu taratibu. "Nipe gari."

Nikatafuta amortisa nyingine Bujumbura. Zile za kufunguliwa, unaweza kubadilisha mafuta yake. Mafuta mepesi, amortisa inalainika. Mazito, inakaza. Lakini mepesi kiasi gani? Hapo nilihitaji kitu kimoja ambacho sikutaka kukiuliza.

Uzito wake.

Resori ya mtu mnene haimfai mtu mwembamba. Mwembamba anarushwa tu, resori haishuki.

Ndipo tukaazima mizani ya kahawa kwa jirani, ile kubwa ya kuwekea magunia, tukaipeleka uani kwa Bagalwa. Tukaweka kiti juu yake. Bagalwa akamkalisha mkewe kama anaweka yai.

"Fundi, mi si gunia la kahawa," Riziki akasema.

"Ndiyo, dada. Kahawa ina kelele kidogo kuliko wewe."

Akacheka mpaka akashika mbavu. Bagalwa akageukia ukutani.

Kilo zake sitazitaja hapa. Ni zake.

Nikarudi garajini nikakata, nikapima, nikajaza mafuta, nikamwaga, nikajaza tena. Kuna siku nilikula chakula cha mchana nikiwa chini ya lile gari. Mke wangu Pili akaniambia, "We sasa umeoa ka-Fiat."

Kazi ilipokaribia kuisha, nikaomba tumpime tena. Tahadhari tu.

Mshale ulisimama chini kabisa ya pale uliposimama mara ya kwanza.

Mi na Bagalwa tukatazamana. Riziki akauliza, "Vipi, nimenenepa?"

"Kidogo," Bagalwa akasema.

Nikafungua resori zote upya. Nikachagua nyingine, laini zaidi, nikapunguza mafuta ya amortisa. Kwa majaribio tukaweka maharage kwenye gunia, uzito wake yeye, tukalikalisha kwenye kiti chake. Mi nikakamata pikipiki yangu nyuma yao, Bagalwa akaendesha kuelekea Karusi.

Kila penye shimo nilikuwa naona mkono wake wa kulia unatoka kwenye usukani na kulishika lile gunia lisiyumbe.

Tuliposimama, gunia halikuwa limesogea. Bagalwa akashuka, akanikumbatia pale barabarani, watu wa shamba wanatutazama.

"Bon. Tunaenda," akasema.

Waliondoka siku ya Jumamosi, jua limeshatoka. Riziki alivaa kitenge kipya cha njano na mtandio mweupe. Alitaka paa lifunuliwe. Mi nikafuata na pikipiki, nina vifaa mgongoni kama lolote likitokea.

Halikutokea kitu. Ka-Fiat kalielea juu ya ile mikunjo, tairi zinapiga ngoma lakini bodi limetulia. Nilikuwa naangalia mabega ya Riziki tokea nyuma. Hayakutikisika. Nikajisemea: Radjabu, hata ukifa leo, umefanya kazi.

Muyinga, mtaa wa Waswahili, watoto walikimbilia gari. Wazee wakatoka barazani. Mlango ukafunguka, Mama Kadidja akasimama kizingitini, ameshika fimbo.

Bagalwa akataka kumbeba mkewe.

"Niache," Riziki akasema. "Nitaingia kwa miguu yangu."

Akashuka. Hatua chache tu, amemshika mumewe mkono. Mama yake akaangusha fimbo.

"Mwanangu, umekuwa hivi?"

"Mama, nimerudi."

Walishikana muda mrefu. Kisha yule bibi kizee akamtazama Bagalwa, akamtazama sana.

"Na wewe ingia," akasema. "Usisimame nje kama si kwako."

Ndani, mama mtu akauliza, "Barabara ilikuwaje, na maradhi haya?"

Riziki akanigeukia mimi. "Kama kitanda, mama. Huyu fundi ana mikono ya peponi. Sikusikia kitu."

Nililia, jamani. Sikujificha.

Aliishi pale kwa mama yake siku si nyingi. Akafa mchana, kichwa kikiwa pajani kwa Mama Kadidja, Bagalwa akimshika miguu. Wakamzika Muyinga, karibu na baba yake.

Nami Gitega sifa zikanipanda. Watu wakawa wanakuja: "Fundi, nifanyie laini kama ile ya marehemu." Nikawa nasimulia hadithi kila mahali, na kila mara namalizia kwa maneno yake: sikusikia kitu.

Muda mrefu baada ya matanga, Bagalwa akaniletea ka-gari kuoshwa. Nikang'oa kiti cha abiria ili nitoe vumbi la Karusi.

Katikati ya kiti na mlango, kimesukumwa ndani kabisa, nikakuta kitambaa.

Kipande cha kitenge cha njano. Kimekunjwa, kikatafunwa. Meno yamepita mpaka upande wa pili. Na damu, imekauka.

Nikakaa chini.

Alikuwa amekiuma njia nzima. Gitega mpaka Muyinga. Alisikia kila jiwe.

Nikakificha haraka ndani ya ovaroli. Nilijiambia Bagalwa asijue, itamuua. Kugeuka, nikamkuta amesimama nyuma yangu.

"Usifiche, fundi," akasema. "Nilijua."

"Ulijua?"

"Mi nilikuwa naendesha, lakini sikio langu iko kwake. Nilisikia anapumua kwa pua tu. Mutu hapumui vile kama iko sawa." Akakaa kwenye tairi. "Pale Karusi nikapunguza mwendo. Akatoa ile kitambaa mdomoni, akaificha, akaniambia: mbona unachelewa? Niko sawa."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema, sawa, mama. Nikatazama mbele. Nikaanza kumpigia stori za Bukavu, kwa nguvu, ili asihangaike kuficha sauti."

Akapangusa vumbi la kiti kwa kiganja.

"Alitaka mi niamini imelainika," akasema. "Basi nikamwachia aone naamini. Na we pia alitaka uamini, fundi. Aliona vile ulihangaika."

 Neno la Kirundi tu ndilo lilinitoka: "Ihangane, mzee." Vumilia.

Akachukua kile kitambaa mkononi mwangu, akakitia mfukoni mwa shati, akaondoka kwa miguu.

Ndugu zangu, nimekuwa fundi maisha yangu yote na najua hili: kuna maumivu hakuna amortisa inayoyapunguza. Mgonjwa wako akikwambia "niko sawa", si kila mara anataka umbishie. Wakati mwingine ameshachagua atakavyobeba. We kaa karibu, shika usukani vizuri, mfikishe anakokwenda.